Karamu ya Burns: mwongozo kamili, kuanzia hagisi jikoni hadi wimbo wa kuagana

Kila tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa mshairi Robert Burns mwaka 1759 katika kijiji cha Alloway, Waskoti popote walipo huketi mezani kula, kunywa wiski na kughani mashairi yake. Tofauti ya shughuli hii na karamu nyingine ni kwamba hapa chakula kinasubiri shairi: sahani kuu, hagisi, yaani tumbo la kondoo lililojazwa nyama na oti, haikatwi mpaka mtu asimame aisomee beti nane. Ndiyo maana karamu ya Burns ikiharibika, mara nyingi haikuharibikia chunguni. Imeharibikia kwenye saa. Msemaji amepiga domo dakika arobaini, viazi vimepoa, na wageni wako kwenye glasi ya nne kabla hagisi haijaonekana mlangoni.

Karamu ya kwanza ilifanyika Julai 1801, miaka mitano baada ya kifo chake, katika nyumba ile ile ya udongo na nyasi alimozaliwa. Walikuwa marafiki tisa, wakala hagisi na kichwa cha kondoo. Baadaye shughuli ikahamia siku ya kuzaliwa, na hata hapo klabu ya wapenzi wa Burns ya mji wa Greenock ilianza na tarehe 29 Januari, kabla daftari la parokia halijaonyesha kwamba ni 25. Basi usione haya ukiiweka Jumamosi iliyo karibu. Vipimo vyote hapa ni vya watu 10.

Wiki mbili kabla: gawa maneno

Anza na wasemaji, nyama baadaye. Unahitaji mshereheshaji mmoja mwenye saa mkononi na moyo wa kumkatiza mtu. Mtu wa kusema sala. Mghani wa hagisi. Msemaji wa hotuba kuu. Mwanamume wa kuwasifu wanawake na mwanamke wa kumjibu. Na wawili watatu wa kuimba au kughani. Kwa watu 10, karibu kila mgeni ana kazi, na hilo ni jambo jema. Mwambie kila mmoja dakika zake tangu siku ya kumwalika. Ukizitaja usiku wa karamu umechelewa.

Mghani ndiye wa kumchagua kwa makini. Shairi la kuisifu hagisi, lililochapishwa Desemba 1786, lina beti nane za mishororo sita. Mshororo wa kwanza, wa pili, wa tatu na wa tano ni mirefu na ina kina kimoja. Wa nne na wa sita ni mifupi na ina kina chake. Aliyezoea kusikia tenzi zikighaniwa ataushika mpangilio huu upesi: mirefu inapanda, mfupi unatua. Kinachosumbua ni Kiskoti chenyewe. Herufi "ch" hutamkwa kooni kama "kh" ya "khofu" kwa matamshi ya pwani, na "r" huviringishwa barabara. Shairi lote huchukua dakika nne hivi. Mghani asiyeliweza lote kwa kichwa ashike karatasi, ila ubeti wa tatu lazima ausome bila kutazama, kwa sababu hapo mikono yake itakuwa na kisu.

Hagisi: kununua au kupika

Hagisi ni mfuko wa tumbo la kondoo uliojazwa moyo, ini na mapafu yake yaliyosagwa, pamoja na oti, vitunguu, mafuta ya figo na viungo. Mlaji wa mutura atalitambua wazo, ila hapa hakuna damu, na nafaka ndiyo inayoshika mchanganyiko. Uskoti na Uingereza utaipata buchani na madukani ikiwa imeshapikwa. Kazi yako ni kuipasha. Marekani hairuhusu mapafu ya kondoo kwenye chakula tangu 1971, kwa hiyo hagisi ya huko hutengenezwa bila mapafu. Hupotezi sana: mapafu huongeza wepesi zaidi kuliko ladha.

Kama unainunua, chukua mbili za kilo 1, usichukue moja ya kilo 2. Ya kwanza itabebwa hadi mezani kwa mlio wa zumari na kusomewa shairi. Ya pili inabaki jikoni ikiwa ya moto, na wakati mghani yuko ubeti wa nne, wapishi wanaanza kupakua. Hila hii ndogo ndiyo inayookoa usiku, maana kilo 2 za hagisi zilizokatwa na kuachwa wazi hupoa upesi, na mafuta ya kondoo yakipoa huganda mdomoni.

Ukiipika mwenyewe, anza siku moja au mbili kabla. Mahitaji: mioyo miwili ya kondoo (gramu 400 hivi), ini gramu 450, nyama ya ubavu au bega gramu 450, mafuta magumu ya figo gramu 200, oti zilizokatwa chembe kubwa gramu 300, vitunguu maji vikubwa vitatu, supu ya nyama mililita 600, chumvi kijiko kikubwa kimoja cha kusawazishwa, pilipili manga vijiko viwili vya chai, giligilani ya unga kijiko kimoja cha chai, kungumanga na basibasi nusu kijiko kila kimoja. Anayekula halali atumie kondoo aliyechinjwa kihalali tu. Humu hakuna kingine cha kumtatiza.

Chemsha mioyo na nyama kwa moto mdogo saa moja na nusu. Ini liingie dakika 15 za mwisho, kwa sababu ini likichemka muda mrefu hugeuka chenga kavu na kutia uchungu. Maji hayo hayo ndiyo supu yako, usiyamwage. Kaanga oti kwenye kikaango kikavu mpaka zinukie kama karanga; oti mbichi hutoa hagisi yenye ladha ya uji. Saga nyama kwa mashine yenye matundu makubwa. Blenda hailingani na kazi hii, inatoa lahamu. Changanya vyote na supu mpaka upate mchanganyiko unaoshikana ukiubinya, lakini unaoacha unyevu kiganjani. Onja sasa, maana kila kitu isipokuwa mafuta na vitunguu kimeshaiva: pilipili iwashe kidogo zaidi ya unavyodhani inatosha, kwa kuwa oti zitameza nusu ya ukali.

Tumbo la kondoo lioshwe, likwanguliwe na kulowekwa usiku kucha katika maji ya chumvi. Lijaze theluthi mbili tu. Kosa la kawaida ni kulijaza hadi shingoni. Oti hufura, mfuko unapasuka, na unabaki na sufuria ya supu chafu. Kamua hewa, shona kwa uzi mnene wa pamba, toboa kwa sindano sehemu tano sita, kisha pika saa tatu katika maji yanayotetemeka tu. Ukikosa tumbo, weka mchanganyiko kwenye bakuli la udongo, funika kwa foili, pika kwa mvuke muda ule ule. Ladha haibadiliki, ila hutakuwa na mfuko wa kupasua.

Kupasha siku yenyewe: funga kila hagisi kwa foili tabaka mbili na uizamishe katika maji ya moto yasiyochemka kwa nguvu. Ya kilo 1 iliyotoka kwenye friji huchukua kama saa moja na nusu. Kilichonunuliwa kina maelekezo yake, yafuate. Ukiwa na kipimajoto, katikati pasome nyuzi 75 au zaidi. Hagisi inavumilia kukaa nusu saa zaidi katika maji ya moto. Viazi havivumilii.

Wasiokula nyama wasiachwe na viazi pekee. Hagisi ya mboga si uzushi wa jana: bucha la Macsween la Edinburgh liliitengeneza mwaka 1984 kwa ajili ya ufunguzi wa Maktaba ya Ushairi ya Uskoti. Kwa watu watatu, kaanga kitunguu, karoti na uyoga gramu 150, tia dengu zilizochemshwa gramu 150, maharage yaliyopondwa gramu 150, oti zilizokaangwa gramu 120, supu ya mboga mililita 250 na viungo vile vile. Oka kwa nyuzi 190 dakika 40, ikiwa imefunikwa kwa nusu ya kwanza. Isomewe shairi pamoja na mwenzake.

Supu, tanipu na viazi

Supu iwe ya kuku na liki, mboga ya jamii ya kitunguu. Kuku mmoja wa kilo 1.7 katika lita 3 za maji, liki kilo 1.2, mchele au shayiri gramu 100, na plamu kavu 15. Nusu ya liki ianze na kuku na kuyeyukia kwenye supu. Nusu iliyobaki iingie dakika kumi za mwisho ili rangi ya kijani ionekane. Plamu ziingie dakika 20 kabla ya kupakua. Wageni wengine huziona za ajabu, lakini utamu wake ndio unaoisimamisha supu hii. Pika siku moja kabla, ipoze, na uondoe mafuta yaliyoganda juu.

Pembeni mwa hagisi huwa na vitu viwili tu: tanipu za njano zilizopondwa na viazi vilivyopondwa. Tanipu inayotakiwa ni ile kubwa yenye nyama ya rangi ya machungwa hafifu, si ile nyeupe ndogo iliyojaa maji. Menya kilo 2, kata vipande vya sentimita 2, chemsha dakika 30. Viazi mviringo vya unga, kilo 2, vinatosheka na dakika 20, kwa hiyo usivipike sufuria moja. Tanipu zikiiva zichuje, zirudishe sufuriani juu ya moto mdogo dakika tatu zikitikiswa mpaka mvuke ukatike, ndipo uponde na siagi gramu 75 na pilipili manga nyingi. Ukiiruka hatua hiyo, maji ya njano yatatapakaa sahani nzima. Viazi viponde kwa mkono, na siagi gramu 100 na maziwa ya moto mililita 150. Ukitia viazi kwenye blenda utapata gundi.

Wengi huongeza mchuzi wa wiski: krimu mililita 400, supu mililita 200, haradali kijiko kikubwa, vipungue kwa moto mdogo, kisha wiski mililita 60. Zima jiko kabla ya kuimimina, kwani mvuke wake hushika moto kwa kufumba na kufumbua. Na wanaodhani pombe yote huruka ikipikwa wamekosea. Tengeneza mchuzi wa pili usio na wiski katika sufuria nyingine, na mwiko wake, na uutangaze mezani kila mtu ajue upi ni upi.

Kitindamlo

Kranakani, kitindamlo cha Kiskoti cha krimu, rasiberi na oti, haina jiko kubwa. Piga krimu nzito mililita 700 mpaka iwe laini ya kuinama, uiache hapo. Wiski mililita 75 na asali vijiko vitano vikubwa vitaikaza zaidi, na aliyeipiga mpaka ikasimama atamaliza na siagi. Changanya na rasiberi gramu 500 na oti gramu 120 zilizokaangwa na kijiko cha sukari. Januari si msimu wa rasiberi Uskoti, hivyo za kugandishwa zinakubalika. Ziyeyushe juu ya chujio. Oti ziingie dakika chache kabla ya kuliwa, la sivyo zinalainika na mlio wake unapotea. Bakuli la wasiokunywa lifanye kwa maji ya machungwa badala ya wiski.

Wiski: kiasi gani, ipi, na kwa wasiokunywa

Wiski ya Kiskoti kisheria imekaa katika mapipa ya mwaloni ndani ya Uskoti si chini ya miaka mitatu, na ina pombe asilimia 40 au zaidi. Chupa ya mililita 700 hutoa vipimo 28 vya mililita 25. Usiku huu glasi hunyanyuliwa rasmi mara nne: kwa hagisi, kwa Burns, kwa wanawake, na katika jibu lao. Mimina mililita 15 kila mara. Watu 10 mara nne ni mililita 600, chupa moja. Weka ya pili kwa wanaotaka kuendelea, na jagi la maji kwa kila watu watatu. Wanaojaza glasi kila wanaponyanyua ndio wanaoangusha kisu.

Aina mbili zinatosha. Pamoja na hagisi, wiski ya kisiwa cha Islay yenye moshi. Moshi huo hutoka kwenye udongo mweusi wa kinamasi, unaochimbwa, kukaushwa na kuchomwa kama kuni chini ya shayiri iliyochipuzwa. Unakata mafuta ya kondoo vizuri. Pamoja na kranakani, wiski ya eneo la Speyside, yenye harufu ya matunda na asali. Kwa anayeanza, anza na Speyside. Moshi wa Islay humfanya mgeni aseme ameletewa dawa ya hospitali. Tumia glasi yenye kitumbo na mdomo mwembamba. Kijiko cha chai cha maji kinafungua harufu, barafu inaifunga.

Kinywaji cha kupokelea wageni waliotoka kwenye baridi, kwa kila glasi: wiski mililita 35, asali kijiko kikubwa, maji ya limau mililita 15, karafuu mbili, kipande cha mdalasini, na maji ya moto mililita 150. Maji yasiwe yanachemka, yataifukuza harufu yote puani kwa mgeni. Ukipenda kilicho baridi, kuna kokteli inayoitwa Bobby Burns: wiski mililita 35, vermuti nyekundu (mvinyo wenye viungo) mililita 35, nusu kijiko cha chai cha likeri ya Bénédictine, ikorogwe na barafu nusu dakika na kuchujwa.

Asiyekunywa apewe kitu chenye ukali, asiachiwe maji. Ponda tangawizi mbichi gramu 100, chemsha katika lita moja ya maji na karafuu na mdalasini, tia chai kavu nyeusi kijiko kimoja dakika tatu, chuja, malizia na asali na limau. Kinakwaruza koo kama wiski inavyokwaruza, na kinanyanyuliwa kwa heshima ile ile. Soda ya Irn-Bru, inayotengenezwa Uskoti tangu 1901, huwafurahisha watoto.

Usiku wenyewe

Saa 12:15 jioni hagisi ziingie kwenye maji. Saa 1:00 wageni wanafika. Kama huna mpiga zumari ya mfuko, rekodi inatosha, na sebuleni ni afadhali, maana zumari ile ilitengenezwa kwa ajili ya milimani. Saa 1:30 wote wameketi, mshereheshaji anakaribisha kwa dakika tatu, kisha sala ya Selkirk. Ina mishororo minne, na maana yake ni hii: wengine chakula wanacho, kula hawawezi, wengine kula wangeweza, chakula hawana, sisi chakula tunacho, na kula twaweza, basi Mola ashukuriwe. Supu inafuata papo hapo, na tanipu ziwe zimeanza kuchemka.

Saa 2:05 wote wanasimama. Mpiga zumari mbele, mpishi na hagisi kwenye sinia, mghani nyuma yake, na mwenye chupa. Wageni wanapiga makofi ya taratibu kwa mwendo wa zumari mpaka sinia litue mbele ya mghani.

Kabla ya kutoka jikoni, mpishi afanye jambo moja: atoe foili, akaushe mfuko kwa kitambaa, na apitishe ncha ya kisu juu yake, mpasuko wa sentimita 3. Mfuko wa moto ulionyooka kama ngoma una mvuke uliobanwa. Ukichomwa ghafla unaweza kurusha mafuta ya moto kwenye mkono na shati la mghani. Ubeti wa tatu unaanza, mghani anachukua kisu na kukifuta kwenye mkono wa nguo, kwa sababu shairi lenyewe linasema mkulima anakifuta kisu chake. Kwenye mshororo wa "An' cut you up wi' ready slight" anachoma pale pale palipotobolewa na kuvuta mpaka mwisho, akivuta kuelekea pembeni, si kifuani kwake wala kwa mgeni wa jirani. Kisha asubiri. Mvuke upande, watu waone na wanuse, kwa kuwa mishororo inayofuata ndiyo inayousifu mvuke huo, na wengi huikimbilia kwa woga. Mwishoni anainua sinia, wote wanainua glasi na kuitaja hagisi, wanakunywa, wanaketi. Ikipita saa 2:20 bila sahani kuwa mezani, jikoni kuna mtu aliyekuwa akisikiliza shairi.

Hotuba kuu, iitwayo Kumbukumbu Isiyokufa, ije baada ya kranakani, saa 3:25 hivi, dakika 15. Isiwe wasifu wa kusomwa tarehe kwa tarehe. Kuna mengi ya kushika: mtoto wa mpangaji shamba, kitabu cha kwanza kilichochapwa Kilmarnock Julai 1786, nakala 612, kazi ya kukusanya ushuru, nyimbo za kale alizoziokota na kuzitengeneza, kifo akiwa na miaka 37. Mwaka ule ule wa 1786 alikuwa anajiandaa kwenda Jamaika kufanya kazi kwenye shamba la watumwa, na mafanikio ya kitabu ndiyo yaliyomzuia. Mwandishi huyo huyo baadaye akaandika kwamba mtu ni mtu tu, cheo ni chapa ya sarafu. Msemaji anayeyataja yote mawili atasikilizwa kuliko anayepaka sukari.

Sifa za wanawake na jibu lake, dakika sita kila moja, saa 4:00. Wasemaji wawili waonyeshane karatasi siku moja kabla, ili jibu lijibu kweli. Utani uwe wa kutaniana. Ukimtaja mke wa mtu kwa jina, muulize kwanza. Baada ya hapo ni nyimbo. Tam o' Shanter, hadithi ya mlevi na wachawi yenye mishororo zaidi ya 200, iachie mtu anayeimudu kweli, vinginevyo chagua Ae Fond Kiss au A Red, Red Rose.

Saa 5:00, shukrani kwa wapishi, kisha duara na Auld Lang Syne, yaani siku zile za kale. Mikono inashikwa tu mwanzoni. Haipishanishwi kifuani mpaka ubeti wa mwisho, ule unaosema nipe mkono wako, rafiki. Karibu kila mtu hupishanisha tangu mstari wa kwanza, basi mshereheshaji aonye mapema.

Piga simu za teksi kabla ya duara kuvunjika. Hagisi iliyobaki iingie kwenye friji ndani ya saa mbili, na iliwe ndani ya siku mbili: kata vipande vya sentimita 1, kaanga bila mafuta mpaka iwe na ukoko pande zote, weka yai juu.